Kipangani

Mtaa wetu hapa Wete unaitwa Kipangani,
na mimi, Mbarouk Asaa, fundi makochi,
miaka kumi na tisa nimechana na kushona
sijawahi kuinua shingo kumtafuta mwenye jina.

Makochi huja kwa kontena, yameshakaliwa na wageni,
yana nywele za paka wao, sarafu zao,
na chini ya kiti, kitambaa kidogo cheupe
kilichoandikwa: sponji hii haishiki moto.
Nilikionesha kama cheti cha ndoa.
Mteja akisitasita, nawasha kiberiti mbele yake,
naunguza pembeni: inanuna, inajikunja,
inatoa moshi mtamu uliochacha, kisha inazima.
"Umeona? Nyumba ikiteketea, kochi litabaki."
Watu walicheka, wakalipa.

Vipande nilivitupa uani, penye migomba.
Unga wake wa manjano ulinikaa kwenye malaika ya mikono,
kwenye ukingo wa kikombe cha chai.
Panya wakavitandika, wakazalia humo.
Mende walitafuna, mjusi akala mende,
na kila aliyekula alirithi vyote vya aliyeliwa
bila kutoa hata thumni ya zaka.
Deni halikulipwa, lilihamishwa tu,
mpaka juu kabisa, kwa yule asiyeliwa na mtu.

Raya wa Bi Mize, anayehesabu ndege msitu wa Ngezi,
alikuja Alkhamisi na mkebe wa maziwa ya unga.
Ndani pamba; ndani ya pamba, yai,
jeupe la kuelekea kijani, zito, kimya.
"Mama yake kalilalia mwezi na siku tisa," alisema.
"Mvua ikinyesha anatandaza mbawa.
Nimemwona anavyokonda. Hakuondoka
ila nilipopanda mimi."
Kiotani, baina ya vijiti na majani ya mkarafuu,
alikuta kipande cha sponji, kadiri ya kidole gumba,
cha rangi ninayoijua.

Yai la mwaka jana lilipelekwa ng'ambo.
Majibu yamerudi, karatasi mbili,
majina marefu kama nasaba ya mtu anayedai shamba,
na mbele ya kila jina, namba.
Alinisomea polepole, bila kunilaumu,
na hilo ndilo lililonichoma.
Nikauliza la kijinga: "Kwani yai nalo huungua?"
Akalizungusha kiganjani, akaliweka dhidi ya taa.
"Ndani yake huwa mna kijimoto, fundi.
Hiki hakikushika."

Usiku nilimkuta Time ananyonyesha
kwenye kochi la kwanza nililomshonea,
lile la maua mekundu, lililopasuka ubavuni.
Mtoto kasinzia, mdomo wazi,
shavu limezama kwenye mpasuko.
Nikamwambia inuka. Akauliza kuna nini.
Nikasema kunguni.

Sasa nina magunia kumi na moja.
Kuchoma, moshi wake nimeshaunusa.
Kuzika, kisima kiko hatua arobaini.
Kumpa mtu — nani, na nimwambie nini?
Jana mwalimu mmoja kaja kuagiza seti nzima,
kaniomba nimfanyie ule mchezo wa kiberiti.
Nilisema kimelowa.

Nimeyapanga chumba cha uani, nikafunga dirisha,
na kwa kuwa usingizi umenihama
nayakalia,
mikono magotini, kama anayesubiri kitu kitotoke.

Kabla ya adhana ya alfajiri kitu kimelia juu ya mapaa:
kwit, kituo, kwit,
kama mkasi wangu unapokata kitambaa kigumu.
Nimetoka bila viatu, nimeinua shingo.
Sikuona kitu, wingu tu.
Mkasi ukaendelea, ukazunguka mara mbili,
ukaelekea kaskazini.